Tangu wifi aje, waifai haifai

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinitaje jina, kwa sababu mume wangu na ndugu zake wanakusoma. Naishi Dodoma, maeneo ya Ilazo, kwenye nyumba yetu wenyewe ingawa bado hatujaimalizia. Nina miaka 32, tuna mtoto mmoja yuko chekechea. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, ofisi yao iko Mtumba. Anatoka asubuhi na mapema, kumuona tena ni jioni. Mimi nahariri video za harusi na sendofu. Sipigi picha mwenyewe. Wapiga picha wa hapa mjini, wa Singida na wachache wa Dar es Salaam wananitumia walichorekodi, nakata, napanga, naweka muziki, nawarudishia. Harusi moja inaweza kufika GB 14. Kwa hiyo intaneti kwangu si ya kuchati tu, ndiyo inayolipa ada ya mtoto.

Tulivuta faiba mwaka jana. Kifurushi chetu ni cha Mbps 20, na hela ya kila mwezi si ndogo. Ruta wameifunga sebuleni, ipo ndani ya kabati nyuma ya televisheni, ile mpya ya inchi 65 aliyonunua mume wangu kwa ajili ya mpira. Mwanzoni kulikuwa na raha. Nilikuwa naanza kushusha harusi baada ya chakula cha usiku, hadi napanda kitandani imeshamaliza.

Chuo kilipofunguliwa, mdogo wake wa kike mume wangu alipata nafasi UDOM, mwaka wa kwanza. Mume wangu na mama yake, ambaye yuko Kongwa, walimalizana kwenye simu kwamba binti atakaa kwa kaka yake. Mimi niliambiwa usiku, keshokutwa yake akafika na begi na ndoo. Tukampa chumba cha pembeni ya sebule, ambacho ndicho nilikuwa nafanyia kazi, mimi nikahamishia meza yangu stoo, kule nyuma ukishapita jikoni. Sikuwa na neno, ni wifi yangu.

Shangazi, tangu hapo waifai haifai. Kushusha harusi moja ni usiku kucha. Naamka saa kumi alfajiri kuchungulia nakuta bado. Kile kidirisha cha kupakua kinaniandikia 0.6. Unalipia 20 unapata 0.6! Nikapiga simu kampuni, wakamleta kijana wao mchana, akasimama sebuleni akapima kwa simu yake ikasoma 19, akasema mama mtandao wenu uko safi. Nikaileta kompyuta yangu palepale sebuleni, mbele yake, ikasoma 2.3. Akacheka, akasema hiyo ni sawa tu, akapanda pikipiki yake akaondoka. Nikabaki najiuliza: kama njia ya kuingilia ndani iko safi, basi kuna mtu anakula humuhumu ndani.

Na mtu huyo namjua. Wifi yangu si mtoto mbaya. Anaosha vyombo bila kuambiwa, mwanangu anampenda. Lakini simu haimtoki mkononi. Ikifika saa mbili usiku ukipita mlangoni kwake unasikia video zinaongea, anacheka peke yake. Na saa mbili ndiyo saa yangu ya kushusha kazi. Mpiga picha wa Singida ameshaniambia kwa adabu kwamba nikiendelea kuchelewa kazi zijazo atampa mtu mwingine.

Mume wangu nilimgusia kijuujuu. Yeye anasema tupandishe kifurushi twende Mbps 40, mambo ya kugombana na ndugu hayataki. Mimi naona ni kumwongezea sahani anayekula. Nafikiria kumwambia amtafutie hosteli hukohuko chuoni. Lakini naogopa nitaitwa mke aliyemfukuza ndugu wa mume. Nimewaza pia kubadilisha paswedi na kusema mtandao umekatika, nafsi ikanisuta. Nikinyamaza, kazi inaondoka.

Nifanye nini? Na je, nianze na mama mkwe, ambaye tunasikilizana sana, kabla ya kumwendea mume wangu?

Mhariri wa Harusi, Ilazo


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole na usiku za kuchungulia kompyuta saa kumi alfajiri. Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikaisoma tena nikiwa na fundi wa mitandao ambaye huwa namsumbua mambo yakishanizidi, kwa sababu nusu yake ni ya moyo na nusu ni ya nyaya, na nyaya si fani yangu. Tulibishana. Yeye alitaka tuanze na ruta, mimi nilitaka tuanze na chumba. Nimempisha yeye atangulie, maana hata la kwangu halieleweki bila la kwake.

Nikikupata vizuri, unasema hivi: mnalipia 20, unapata 0.6, kampuni imepima ikaona njia iko safi, kupungua kumeanza alipokuja wifi, saa unazoteseka ndizo saa anazoangalia video, kwa hiyo anayekula ni yeye, na dawa ni hosteli. Ukiisoma haraka inakaa sawasawa. Hata mimi mara ya kwanza nilitikisa kichwa nikasema kweli huyu binti!

Sasa tuiangalie pole pole. Namba uliyolipia na namba unayoisoma kwenye kidirisha hazipimwi kwa kipimo kimoja. Kampuni inauza kwa megabiti. Kompyuta ikiwa inashusha faili huhesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Ni sawa na kununua alizeti kwa kopo, ukafika nyumbani ukaipima kwa debe, halafu ukasema umepunjwa. Ishirini gawanya kwa nane ni 2.5. Hapo toa kidogo, kwa sababu kila kipande cha faili kinasafiri na anwani yake na alama za kukihakiki, na hizo nazo zinachukua nafasi. Kinachobaki ni 2.3 au 2.4. Yaani ile 19 ya simu ya kijana wa kampuni na ile 2.3 ya kompyuta yako ni kitu kimoja kilichosomwa mara mbili. Aliposema ni sawa tu alikuwa anasema kweli, ila angeweza kukaa dakika mbili akakueleza badala ya kucheka na kukimbilia pikipiki. Ukitaka kuhakikisha, tazama herufi: kwenye kifurushi b ni ndogo, Mbps, kwenye kidirisha B ni kubwa, MB/s.

Kwa hiyo harusi yako ya GB 14, mtandao ukiwa mzima kabisa na hakuna mwingine anayeutumia, itachukua kama saa moja na dakika 40. Ndiyo ile raha ya mwanzo, kula chakula cha usiku na kuikuta imeisha ukienda kulala. Kama kichwani ulikuwa unapiga hesabu ya MB 20 kila sekunde, ungetegemea dakika 12 hivi, na hizo dakika 12 hazikuwahi kuwemo kwenye kifurushi chenu hata wifi yako angekuwa bado yuko Kongwa. Na mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani huandika "hadi" kabla ya hiyo namba. Fungua wenu uone.

Haya, 0.6 ya stoo je? Hiyo si mambo ya kipimo. Ukiizidisha kwa nane unapata kama megabiti 5, katika 20. Robo tatu imepotelea njiani, na kwa kasi hiyo harusi moja inakula zaidi ya saa sita. Hujazusha, mwanangu. Kuna tatizo, na ni la kweli.

Lakini fundi wangu hakuuliza nani anaangalia video. Aliuliza: kati ya ruta na hiyo stoo kuna nini? Nikamsomea barua yako. Ruta imo ndani ya kabati. Mbele yake kuna televisheni ya inchi 65, ambayo nyuma ina bati na vyuma vya kutosha kuzuia mawimbi. Kisha ukuta wa sebule. Kisha jiko, ambalo bila shaka lina friji na labda marumaru ukutani. Kisha ukuta wa stoo. Kama mmejenga kama wengi wetu Dodoma, hizo kuta ni tofali za saruji, na juu yake kuna linta yenye nondo. Fundi akaguna.

Waifai ni mawimbi ya redio. Ruta nyingi za sasa zinarusha kwa masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5. (Ile 5 mnayoiona mwishoni mwa jina la mtandao si 5G ya simu, watu wengi wanachanganya.) Ya 5 ina kasi kubwa lakini ukuta unaimaliza haraka. Ya 2.4 inapenya zaidi ila ni ya polepole, tena ndiyo inayotumiwa na vitu vingi, spika za bluetooth zimo, na hata mikrowevi inavuruga masafa hayohayo ikiwa inapasha chakula. Chaneli za 2.4 zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na Ilazo nyumba zimesogeleana. Ikifika saa mbili usiku majirani wote wamerudi kutoka kazini na ruta zao zinapigania chaneli hizohizo tatu. Mchana huwaoni. Usiku wapo, ila huwasikii wakicheka mlangoni kama unavyomsikia wifi.

Kuna jambo moja lilinishangaza hata mimi. Vifaa vinavyotumia chaneli moja ya waifai haviongei kwa pamoja, vinapokezana. Kifaa kilicho mbali na ruta kinalazimika kuongea taratibu ili kisikike, na kikishika zamu yake kinakaa nayo muda mrefu. Kifaa kilicho mbali zaidi nyumbani kwenu ni kipi? Ni kompyuta yako, iliyoko stoo, ikivuta GB 14. Inawezekana kabisa kwamba wifi yako huko chumbani naye anaona video yake inakwamakwama akadhani ni wewe, ila yeye ni mgeni, hawezi kuandika barua kwa Shangazi.

Tuseme tumpime naye kwa haki. Video ya HD ya kawaida inahitaji kama megabiti 5 kwa sekunde, na kwenye kioo kidogo cha simu mara nyingi hata hazifiki. Kati ya 20, hilo linakugusa, sitakudanganya, lakini halikuachii 0.6. Televisheni ikicheza picha ya 4K inaomba takriban megabiti 15. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta saa mbili usiku televisheni inafanya nini na aliyekaa mbele yake ni nani. Hujaandika. Umeandika tu kwamba ilinunuliwa kwa ajili ya mpira, na kwamba mwenyewe hurudi jioni. Sisemi ndiye. Nasema macho yako yalipotafuta mlaji yalipita juu ya kochi yakaenda moja kwa moja hadi mlango wa mgeni, na hilo ni la kibinadamu sana, kwa sababu kumtuhumu mgeni ni rahisi kuliko kumwambia mume azime mechi.

Sasa nifike kwenye chumba, ambacho ndicho nilitaka kuanza nacho.

Umekitaja kwa sentensi moja. Ulikuwa na chumba cha kazi pembeni ya sebule, karibu na ruta. Watu wawili wakakubaliana kwa simu, ukaambiwa usiku, keshokutwa yake ukabeba meza yako kwenda stoo. Halafu ukamalizia, "sikuwa na neno". Mwanangu, kweli hukuwa na neno? Mimi ningekuwa nayo mengi. Na tazama, uko sahihi kwamba tatizo lilianza alipokuja wifi. Lilianza siku hiyohiyo. Lakini siku hiyohiyo ndiyo wewe ulihamishwa kwenda upande wa pili wa kuta mbili na friji. Alikuletea matatizo kwa kukuondoa mahali pako, wala hakupaomba yeye. Simu yake huenda ina sehemu ndogo tu.

Hiki ndicho kinachonitia wasiwasi kuhusu hosteli. Tuseme mume wako anakubali, binti anahamia chuoni. Wewe utafanya nini kesho yake? Utarudisha meza kwenye chumba chako. Mtandao utanyooka, harusi itashuka jioni kama zamani. Na utaamini maisha yako yote kwamba alikuwa yeye. Mume wako ataamini hivyo, na Kongwa wataambiwa hivyo. Inawezekana binti mwenyewe akaamini hivyo. Hakuna atakayewahi kujua kwamba ilikuwa meza.

Sikuambii akae wala aondoke. Kuna sababu nyingine nzuri za mwanafunzi kukaa hosteli, ikiwemo umbali wa kwenda vipindi na nauli ya kila siku, na kuna sababu nzuri za binti wa mwaka wa kwanza kukaa kwa kaka yake. Hayo ni ya kwenu. Ninachokuomba ni kwamba uamuzi huo usibebwe na 0.6.

Kabla ya lolote, pimeni. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, zimeni waifai kwenye vifaa vingine vyote, upime. Kisha ondoa waya, upime hapohapo sebuleni, halafu chumba cha wifi, halafu stoo. Rudia saa mbili usiku na vyote vikiwa vimewashwa, kisha televisheni ikiwa imezimwa, kisha simu yake ikiwa imezimwa. Ukiona kwa waya napo haifiki karibu na kile mnacholipia, mchana na usiku, basi kesi ni ya kampuni. Walalamikieni kwa maandishi mkiwa na hizo namba, na wasipowasikiliza, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Kati hapahapa Dodoma. Ila zoezi hili lina hatari yake. Ukilifanya kimya kimya, binti akiwa chuoni, litakuwa upelelezi, na siku utakapoleta majibu mezani yatasikika kama mashitaka. Mwite akushikie simu, mmoja apime na mwingine aandike. Hawa vijana wanajua mipangilio ya ruta kuliko mimi na wewe.

Hiyo Mbps 40 ya mume wako simdharau, ameona mke wake anateseka akatoa alichonacho. Lakini kama kinachopungua kinapungua ukutani, ruta itapokea 40 na stoo itaendelea kupata zilezile 5, na mtakuwa mnalipa zaidi kila mwezi. Kama vipimo vya sebuleni usiku vinaonyesha televisheni na kazi yako vinagombania 20 nzima, hapo wazo lake lina maana. Ndiyo maana nasisitiza kupima kwanza.

Kuitoa ruta kabatini na kuiweka juu, mahali pa wazi, si gharama yoyote, isipokuwa itaonekana na itaharibu mpangilio wa sebule. Kuvuta waya wa mtandao kutoka sebuleni hadi stoo ni kazi ya fundi ya nusu siku. Waya wa aina ya Cat 5e unabeba kasi kubwa mara nyingi kuliko kifurushi chenu, hadi mita 100, na ukuta haumhusu. Fundi wangu aliishabikia hii mpaka nikamnyamazisha. Lakini nikikwambia vuta waya, ni kama nakwambia stoo ndiyo ofisi yako sasa, basi. Je, ndivyo unavyotaka? Stoo ya Dodoma mwezi wa kumi, chini ya bati, unaiweza? Labda ndiyo, ina utulivu. Labda hapana. Vile vifaa vya kurudia mawimbi vinavyouzwa madukani vinasaidia kufika mbali, ila vingi vinapokea na kurusha kwenye hewa ileile, kwa hiyo kasi inaweza kukatika nusu. Usikinunue kwa pupa.

Unaweza pia kupanga saa. Faili kubwa uziache zishuke baada ya saa sita usiku, wote wakiwa wamelala, majirani nao. Ruta nyingi zinakubali kuwekewa kiwango kwa kila kifaa, ili kazi yako itangulie. Hilo likiwekwa kwa makubaliano, ni utaratibu wa nyumba. Likiwekwa kwa siri linakuwa dada yake paswedi ile uliyoikataa, na nafsi yako itakusuta tena.

Na kuna kuomba chumba. Hujaliwaza, au umeliwaza ukaliacha. Wifi alale chumba kingine, au mtoto alale naye na meza yako irudi, au chumba kiwe cha kazi mchana na cha kulala usiku. Sijui nyumba yenu ina vyumba vingapi, na najua ukilitaja utasikika kama unadai. Mume wako anaweza kushtuka, kwa sababu alishakusikia ukisema huna neno. Anaweza pia kukuambia hakujua kwamba kile kilikuwa ofisi, alidhani ni chumba chenye meza. Wanaume wengi wanaotoka nyumbani kwenda ofisini hawaioni ofisi iliyo ndani ya nyumba mpaka waelezwe kwamba ada ya mtoto inatoka humo.

Hata ukifanya hayo yote, siku nyingine itakuwa nzito bila kosa la mtu. Unachokishusha huenda kimehifadhiwa nchi za mbali, na huko nako wana mipaka yao kwa anayetumia bure. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na Tanzania pamoja na majirani zetu kadhaa wakabaki wanasukumana mtandaoni. Siku kama hiyo usimtazame mtu yeyote kwa jicho baya.

Umeuliza habari ya mama mkwe. Nimefurahi kusikia mnasikilizana, ni bahati. Lakini simu ikitoka Ilazo kwenda Kongwa na kurudi kwa mwanawe, maneno hayatarudi yalivyoondoka. Wewe utasema mtandao ni mzito. Mume wako atasikia kwamba humtaki mdogo wake, tena ataisikia kwa mama yake kabla ya kuisikia kwako. Kwa upande mwingine, wewe ndiye unayewajua. Zipo nyumba ambazo mama ndiye pekee anayeweza kumrudisha mwanawe kwenye jambo alilolipitisha kwa simu, na jambo hili yeye alikuwa upande wa pili wa simu hiyo. Ukiamua kuanza naye, mweleze habari ya chumba kabla ya habari ya simu ya binti, na umwambie kwamba bado hujazungumza na mume wako, ili achague mwenyewe anyamaze au aseme.

Wakati hayo yanaendelea, mpigie yule mpiga picha wa Singida leo. Mwombe harusi ijayo aiweke kwenye diski (hard disk), aipakie kwenye basi la asubuhi, utaipokea stendi mchana. Wa Dar naye ana treni ya SGR, inafika Dodoma kabla ya hizo saa sita za stoo kuisha. Nauli ya mzigo huo mkubaliane nani analipa.